Karatasi ya saba: Je, Mwanasheria Mkuu achaguliwe na sisi?

Leo ni historia, lakini msikimbie, mwisho wake unawahusu nyinyi kuliko mnavyodhani.

Ukipanda matatu hapa Voi kuelekea Mtito Andei, kabla hujamaliza njugu zako utafika Manyani. Wengi wetu tunapajua kwa mambo mawili: gereza na chuo cha askari wa KWS. Ukiwa na bahati unaona ndovu wekundu wa Tsavo kando ya barabara, unapiga picha, unaposti, safari inaendelea. Hata mimi nilikuwa napita hivyo hivyo kwa miaka. Halafu juzi pale steji nikakuta mabishano makali. Jamaa mmoja wa boda alikuwa anasema, "Shida ya hii nchi ni kwamba Mwanasheria Mkuu anachaguliwa na mtu mmoja. Tupewe hiyo kura tuone kama vijana watabebwa usiku." Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, na kitu cha kwanza nilichokipata kikanirudisha Manyani.

Aprili 1954 serikali ya mkoloni ilifanya msako mkubwa Nairobi uliopewa jina Operesheni Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa mitaani na kupakiwa kwenye magari na treni. Wengi waliletwa huku kwetu, katika kambi ya Manyani na ile ya Mackinnon Road (ndiyo, hiyo hiyo Mackinnon Road tunayovutana na Kwale mpaka leo). J.M. Kariuki, yule mwanasiasa aliyeuawa 1975, alipitia Manyani. Sasa shika hapa: wengi wa watu hao hawakupelekwa kortini. Hakukuwa na shtaka, hakukuwa na wakili. Ilitosha karatasi yenye amri ya kuwazuilia.

Na sisi Wadawida tulishaonja hiyo dawa kabla yao. Mwaka 1940 chama cha Taita Hills Association, kilichokuwa kikipigania mashamba yaliyochukuliwa na walowezi, kilipigwa marufuku pamoja na KCA ya Wakikuyu na chama cha Wakamba. Viongozi wake, akiwemo Mengo Woresha, walizuiliwa kwa kanuni za wakati wa vita. Kosa lao? Kuuliza mbona shamba la babu limekuwa la mzungu.

Serikali haifanyi mambo kama hayo bila mwanasheria. Lazima kuwe na mtu wa kuandika sheria, kumwambia gavana "hii inawezekana, hii itatuletea shida". Katika Kenya ya mkoloni, miaka ya mwisho ya hali ya hatari, mtu huyo aliitwa Eric Griffith-Jones. Mwaka 1957 alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu namna ya kuwapiga wafungwa waliokataa kutii. Hakuandika "acheni". Alishauri jinsi kipigo kinavyofaa kutolewa ili kisivuke mpaka wa sheria, na ujumbe wake ulikuwa kwamba kama ni dhambi, basi itendwe kimya kimya. Faili nyingi za aina hiyo zilifichwa Uingereza hadi 2011, zilipofichuka kwa sababu wazee wetu walienda kuishtaki serikali ya Uingereza kule London. Juni 2013 Waingereza wakakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Kwa hivyo swali la yule jamaa wa boda lina uzito. Griffith-Jones alichaguliwa na nani? Si Mdawida, si Mkikuyu, si mtu yeyote aliyelala Manyani. Aliteuliwa na watu wa mbali, na alijua kazi yake iko mikononi mwao.

Sawa. Mkoloni akaenda. Nini kilibadilika?

Jina lilibadilika. Charles Njonjo alikuwa Mwanasheria Mkuu kuanzia 1963 hadi 1980. Katiba ya wakati ule ilimpa nguvu ambazo leo zingekutisha: alikuwa mshauri wa serikali, aliketi bungeni bila kupigiwa kura, na ndiye aliyeamua nani ashtakiwe kwa jinai. Aliweza kufungua kesi, kuichukua kesi iliyofunguliwa na mwingine, na kuizima kabla ya hukumu. Mtu mmoja, kalamu moja.

Oktoba 1976 akaitumia hiyo sauti. Kulikuwa na kundi la wanasiasa waliotaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais, Moi, asichukue kiti moja kwa moja Mzee Kenyatta akifariki. Njonjo akatoa taarifa kuwakumbusha kwamba hata kuwaza kifo cha Rais ni kosa, na adhabu yake ni kifo. Mjadala ukanyamaza. Agosti 1978 Mzee akafariki, Moi akaapishwa.

Kisha mwaka 1980 Njonjo alitaka siasa zenyewe. Unajua alifanya nini? Alijiuzulu uanasheria mkuu kwanza, ndipo akawa mbunge wa Kikuyu na baadaye waziri. Hata yeye aliona kofia hizo mbili hazikai kichwa kimoja. Siasa zikamla haraka: 1983 akatuhumiwa usaliti, tume ikaundwa kumchunguza, na Desemba 1984 Moi akamsamehe.

Mwaka 1986 bunge lilibadilisha katiba na kumwondolea Mwanasheria Mkuu ulinzi wa kazi. Kwa lugha ya mtaa: Rais angeweza kumwamsha asubuhi na kumwambia asije ofisini. Miaka miwili baadaye majaji nao wakaondolewa ulinzi huo. Ulirudishwa 1990 baada ya kelele nyingi. Ukitaka kujua kwa nini miaka ya themanini watu walifungwa kwa kesi za kushangaza, anza hapo. Mwanasheria anayeweza kufutwa kazi kabla ya chai hawezi kumwambia bosi "hapana".

Halafu akaja Amos Wako, 1991 hadi 2011. Miaka 20! Wengine wetu tulizaliwa na kuanza shule mtu akiwa ofisini. Kitu kimoja ambacho watu hawakumsahaulia kilitokea 2005. Askari wa KWS, Samson ole Sisina, alipigwa risasi na kufa katika shamba kubwa la familia ya Delamere, Bonde la Ufa. Aliyempiga, Tom Cholmondeley, alishtakiwa kwa mauaji. Mwezi uliofuata Wako aliizima kesi. Hakuhitaji ruhusa ya jaji. Wamasai waliandamana, nchi ikakasirika. Mwaka 2006 mtu mwingine, Robert Njoya, akapigwa risasi katika shamba lile lile, na safari hii Cholmondeley alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, mwaka 2009. Sisi tunaoishi Voi, ambako karibu kila mtaa una familia ya askari wa KWS, tunaelewa kesi hiyo ilimaanisha nini. Baba wa mtu alienda kazini hakurudi, na faili ikafungwa kwa sahihi moja.

Najua unachosema sasa: "Si ndiyo hiyo! Angekuwa anatafuta kura, angethubutu?"

Pengine asingethubutu. Na tusidanganyane, hoja hiyo ina nguvu. Angalia Marekani. Katika majimbo 43 kati ya 50, mwanasheria mkuu wa jimbo huchaguliwa na wapiga kura. Mwaka 1994 Mike Moore, mwanasheria mkuu wa Mississippi, aliyashtaki makampuni ya sigara akitaka yarudishe pesa ambazo jimbo lilitumia kutibu maskini waliougua kwa sababu ya kuvuta. Gavana wake mwenyewe alipinga, mpaka akaenda kortini kumzuia. Moore hakuweza kufutwa kazi, kwa sababu hakuajiriwa na gavana. Kesi ikaendelea, majimbo mengine yakaiga, na 1998 makampuni yakakubali kuyalipa majimbo 46 zaidi ya dola bilioni 200 kwa miaka 25. Hayo ndiyo matunda ya mwanasheria mwenye kura zake mwenyewe.

Lakini sarafu ina upande wa pili, na upande huo uko Texas. Ken Paxton alichaguliwa mwanasheria mkuu 2014. Mwaka 2015 alishtakiwa kwa ulaghai wa mambo ya hisa. Kesi ikavutwa miaka na miaka. Akachaguliwa tena 2018 akiwa mshtakiwa, na tena 2022. Mei 2023 bunge la jimbo, lililojaa watu wa chama chake, lilipiga kura ya kumng'oa. Septemba seneti ikamwachilia. Wapiga kura walijua yote hayo. Chama kilikuwa na nguvu kuliko maswali.

Sasa leta mambo hayo hapa nyumbani. Katika uchaguzi mkuu tunapewa karatasi sita: Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, MCA. Tufikirie karatasi ya saba.

Kwanza, ni nani atakuwa juu yake? Ukiwa mkweli unajua. Miungano ikikaa kugawana viti, kiti cha Mwanasheria Mkuu kitakuwa mfupa wa kurushiwa jamii fulani ili ilete kapu lake la kura. Atasimama jukwaani na mgombea urais, amevaa kofia ya rangi moja, wanacheza wimbo mmoja. Akishinda, atakuwa na deni kwa Rais yule yule tunayetaka amkemee. Tofauti ni kwamba sasa atasema "wananchi walinichagua", na hutaweza kumuuliza kitu kwa miaka mitano.

Pili, hesabu. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa 22,120,458. Sisi Taita Taveta wote, kuanzia Taveta mpaka Voi, Wundanyi na Mwatate, hatukufika laki mbili. Chini ya asilimia moja. Mgombea wa karatasi ya saba atakuja kutafuta nini huku? Sehemu kubwa ya kaunti yetu ni mbuga za Tsavo, na sehemu nyingine imeshikwa na mashamba makubwa ya mkonge na ranchi. Watu wanaishi kwenye ardhi ya mababu bila hati. Ukienda kortini kudai ardhi hiyo kutoka kwa serikali kuu, anayekuja upande wa pili kuitetea serikali ni Mwanasheria Mkuu. Je, mtu aliyeingia ofisini kwa kura za maeneo makubwa atasikia kilio cha kijiji kimoja cha Voi kwa sababu ya kura zetu? Haki ya jamii ndogo ikitegemea wingi wa kura, jamii ndogo imekwisha.

Tatu, na hii ndiyo inaniogopesha zaidi: kampeni. Mgombea wa gavana huahidi barabara. Mgombea wa uanasheria mkuu ataahidi nini? Ataahidi kumfunga mtu. "Nichagueni, fulani atalala ndani." Umati utashangilia, na leo utashangilia kwa sababu fulani huyo humpendi. Kesho fulani ni wewe uliyeposti kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka makofi niliyopiga steji.

Kuna jambo lingine watu wengi hawalijui. Katiba ya 2010 ilishavunja ile kalamu ya Njonjo na Wako vipande viwili. Ibara ya 156 ilimbakisha Mwanasheria Mkuu kuwa mshauri wa serikali na wakili wake katika kesi zisizo za jinai, na ikamwamuru alinde utawala wa sheria na kutetea maslahi ya umma. Huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa. Mashtaka ya jinai yalihamishiwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, katika ibara ya 157. Huyu ana muhula mmoja wa miaka minane, hahitaji kibali cha mtu kufungua kesi, na hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti. Kesi kama ya Sisina leo isingezimwa kwa sahihi moja.

Je, imetosha? Hapana, na sitawadanganya. Novemba 2022, miezi michache baada ya uchaguzi, ofisi ya DPP chini ya Noordin Haji iliondoa kesi ya ufisadi ya zaidi ya shilingi bilioni 7 dhidi ya Rigathi Gachagua, aliyekuwa ameshakuwa Naibu wa Rais. DPP alisema ushahidi hautoshi, Gachagua alikuwa amesema siku zote kesi ni ya kisiasa, na korti ikakubali iondolewe. Labda wote walikuwa sahihi. Lakini basi mbona ilifunguliwa? Mwaka uliofuata Haji aliondoka kabla muhula wake haujaisha, akawa mkuu wa ujasusi.

Halafu kuna Justin Muturi. Januari 2025, akiwa waziri, alisimama hadharani akasema mwanawe alitekwa nyara Juni 2024, wakati wa maandamano ya Gen Z. Wakati huo Muturi alikuwa nani? Mwanasheria Mkuu wa Jamhuri ya Kenya. Kwa maelezo yake, alihangaika huku na kule, na mtoto aliachiliwa baada ya yeye kwenda kwa Rais mwenyewe na Rais kumpigia simu mkuu wa ujasusi. Ndiyo, Haji. Machi 2025 Muturi akafutwa kazi.

Rudia kusoma aya hiyo polepole. Mshauri mkuu wa sheria wa nchi nzima alipotaka mtoto wake, hakutumia sheria. Alitumia simu. Kufikia Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni. Wazazi wa wengi wao hawana namba ya Ikulu.

Kwa hivyo simpingi yule jamaa wa boda kwa sababu mambo yako sawa. Hayako sawa. Nampinga kwa sababu karatasi ya saba ingetupa mwanasiasa mwingine, na kilichokosekana siku zote, kuanzia Griffith-Jones hadi leo, ni mwanasheria anayeweza kumwambia bosi "hapana" na asubuhi bado ana kazi. Kura haimpi mtu hilo. Inambadilishia bosi tu.

Naona vitu vitatu vingesaidia zaidi. Cha kwanza, usaili wa wazi. DPP hupita kwenye jopo linalohoji waombaji mbele ya umma kabla jina halijafika kwa Rais. Mwanasheria Mkuu hapiti hapo. Julai 2024 Rais alimteua Rebecca Miano kwa kiti hicho, siku chache baadaye akamhamishia wizara ya utalii, na jina likawa Dorcas Oduor, mwanamke wa kwanza kukishika. Oduor ni mwendesha mashtaka wa miaka mingi, sina neno naye. Lakini kiti cha sheria hakifai kuchanganywa kama karata. Cha pili, muhula: Ibara ya 156 haikumwekea miaka wala ulinzi kama wa DPP. Apewe muhula mmoja, asiondolewe bila sababu iliyothibitishwa. Cha tatu, ushauri wake uchapishwe, isipokuwa wa mambo ya usalama. Barua ya 1957 ilifichwa zaidi ya miaka 50. Anayejua barua yake itasomwa na watoto wa Voi huandika kwa uangalifu zaidi.

Na sisi je? Hatuna karatasi ya saba, lakini tuna ibara ya 22 na ya 258. Hizo zinamruhusu mtu yeyote, hata wewe usiye na digrii ya sheria, kwenda kortini Katiba ikivunjwa. BBI ilisimamishwa hivyo: raia wakaenda kortini, Mwanasheria Mkuu akaitetea, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba haiwezi kuendelea.

Tukimalizia na kura, angalia Busia. Mwaka 2013 walimchagua Amos Wako awe seneta wao, na 2017 wakamrudisha. Mwaka 2022 kiti hicho hicho wakampa Okiya Omtatah, jamaa ambaye si wakili lakini ameishtaki serikali mara nyingi kuliko mawakili wengi. Watu wale wale, kiti kile kile. Sisemi wapiga kura ni wajinga. Nasema siku ya kura tunapima mambo mengi: chama, jina, nani alikuja matangani, nani ana chopa. Kesi ya mtoto aliyebebwa usiku haifai kusubiri hesabu hiyo.

Kesho nikipita Manyani sitapiga picha ya ndovu. Nitaangalia upande wa gereza. Mara nyingine nikikutana na yule jamaa pale steji, nitamwambia swali lake lilikuwa zuri, ila badala ya kuuliza nani amchague, tuulize nani anaweza kumfuta.